Wiki moja ufuoni: mwongozo kamili kwa familia ya Nairobi inayokwenda kwenye nyumba ya zamu Pwani

Mara ya kwanza tulipopata wiki ya zamu (taimsheya) Pwani, watoto walilala na mavazi ya kuogelea mwilini. Saa nne asubuhi wakatoka mbio, maboya viunoni, wakavuka bustani, wakashuka ngazi za mawe mpaka mchangani. Hapo wakasimama. Mbele yao palikuwa na uwanja wa mwani na vidimbwi, na mbali kabisa, pale mawimbi yanapovunjikia mwambani, mstari mweupe. Kitinda mimba akanigeukia: "Mama, bahari imeenda wapi?"

Ilikuwa siku ya bamvua, siku ambayo maji hupwa mbali kuliko kawaida, nami sikujua. Nilikuwa nimehesabu nauli, nimehesabu siku za likizo, nimehesabu hata soksi ambazo hakuna aliyezivaa. Maji sikuyahesabu.

Tumerudi mara kadhaa tangu siku hiyo, na karibu kila kosa tulilofanya lilifanyikia Donholm, nyumbani kwetu Nairobi, kabla hatujafunga begi. Hoteli kubwa humsamehe aliyesahau: kuna duka, kuna mgahawa, kuna mtu wa kuwachezesha watoto. Nyumba tulivu ya zamu haina msamaha huo. Duka liko kilomita kadhaa, bodaboda huitwa kwa simu, na ikifika saa mbili usiku mnabaki ninyi, upepo na mnazi unaogonga paa. Raha yake ni hiyo hiyo, ila hupangwa mkiwa bado Nairobi.

Hatua ya kwanza: jua unachokodi

Taimsheya, kwa asiyeijua, ni mpango wa watu wengi kumiliki matumizi ya nyumba moja kwa zamu. Mtu hanunui nyumba, ananunua wiki. Mwaka hugawanywa kwa wiki 52, kila wiki na namba yake, na mwenye wiki hulipa ada ya matunzo kila mwaka, aje asije. Asiyetaka kwenda kwake huweka wiki yake kwenye kampuni ya kubadilishana na kuchukua ya mahali pengine. Kubwa mbili duniani ni RCI, iliyoanza mwaka 1974, na Interval International, iliyoanza 1976. Ukisikia mtu wa RCI akisema "wiki nyekundu", hazungumzii hatari. Nyekundu ni msimu unaogombewa, nyeupe ni wa kati, na buluu ni ule ambao watu hawaukimbilii.

Wengi wetu Nairobi hatumiliki wiki. Tunaipata kwa mfanyakazi mwenzetu, kwa mwanachama wa chama, au kwa shemeji aliyeinunua zamani na sasa hana muda. Hakuna ubaya, na mara nyingi bei huwa nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli. Lakini usitume pesa kabla hujapata majibu ya maswali haya.

Je, barua ya kuwathibitisha wageni ina jina lako? Hili ndilo la kwanza, kwa sababu lilitutesa. Tulifika langoni na mizigo sita na bibi wa watoto, mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili, akasema kwa upole, "Mama, jina lako halipo hapa." Lililokuwepo ni la mwenye wiki, naye simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikaa juu ya mabegi chini ya mwarobaini karibu saa mbili. Siku hizi naomba barua yenye jina langu na namba ya kitambulisho, kisha mimi mwenyewe napiga simu mapokezi siku tatu kabla ya safari.

Je, ada ya matunzo ya mwaka huu imelipwa? Mwenye wiki akiwa na deni, anayeweza kuzuiwa langoni ni wewe, si yeye.

Umeme unalipwa na nani? Baadhi ya nyumba hizi hupima umeme kando, hasa kwa ajili ya kiyoyozi, na bili huletwa siku ya kuondoka. Usafi wa katikati ya wiki umo ndani ya bei? Kuna amana ya vitu vitakavyovunjika? Kuingia ni siku gani, Ijumaa au Jumamosi, na saa ngapi?

Halafu vitanda. Nyumba ikisemwa ni ya watu sita, uliza wangapi wanalala chumbani na wangapi wanalala kwenye kochi linalokunjuliwa sebuleni. Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya sabini. Kochi linalokunjuliwa si jambo la kumwambia akiwa tayari amefika.

Hatua ya pili: chagua wiki kwa kutazama mwezi wa angani

Kalenda ya shule inatufunga sote: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Aprili huangukia mwanzo wa masika, na mvua ya Pwani ikiamua kunyesha hunyesha siku mbili mfululizo. Agosti ni wakati wa kusi. Upepo ni mwingi na bahari ina mawimbi, lakini joto ni la kuvumilika, na kwa mtu aliyetoka Nairobi akiwa na sweta hiyo ni neema. Desemba kaskazi imeingia, maji yametulia na ni maangavu, na kila mtu yuko Pwani. Ukiweza kupata wiki ya mwisho ya Novemba, ichukue bila kuuliza mara mbili. Mvua za vuli zinaweza kukugusa kidogo, lakini ufuo utakuwa wenu.

Kisha ndani ya likizo hiyo, tazama mwezi. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Siku hizo, upande huu wa Mombasa, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Yaani saa ile ile watoto wako wanapomaliza chai, bahari inakuwa imeondoka.

Mwezi ukiwa nusu, au siku moja mbili baadaye, mambo hugeuka. Hayo ndiyo maji mafu: hayajai sana wala hayapwi mbali, na kujaa kwake huja karibu saa nne au saa tano asubuhi. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaoamka mapema na kulala mchana, wiki yenye nusu mwezi katikati ni bora kuliko wiki yenye bwawa la pili.

Bamvua nayo si hasara ukiijua. Asubuhi mnatembea juu ya mwamba na kutazama vidimbwi, mchana mnalala, saa tisa mnaingia majini. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapa jedwali la maji la kila mwaka, na simu yako itakuonyesha ya wiki nzima. Mimi huliandika kwa mkono kwenye karatasi na kulibandika kwenye friji ya kule. Watoto huacha kuniuliza mimi, huuliza friji.

Hatua ya tatu: chagua ufuo

Neno "tulivu" kwenye tangazo halina uzito, tazama ramani. Nyali na Bamburi ni pazuri kwa anayetaka watu, ngamia, muziki na chipsi, na hakuna aibu kuvipenda. Anayetaka kimya asogee.

Kusini, Diani ina shughuli, lakini ukiendelea mpaka Galu watu hupungua. Tiwi ni kimya zaidi, na ina vidimbwi vya mwambani ambavyo watoto wangu hawajavisahau. Kaskazini, Kikambala ni pana na pa bei ya kadiri, ila maji yakipwa pale huenda mbali kweli kweli. Rudi hatua ya pili kabla hujalipa. Watamu ni mbali kidogo na pana hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Malindi, za kwanza za aina yake nchini Kenya. Ukitaka kuwaonyesha watoto samaki wa rangi zote bila kuzama sana, huko ndiko.

Hatua ya nne: safari

Kwa familia yenye watoto na mzee, ninapendekeza treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau. Husimama vituo vya njiani, kwa hiyo hufika Miritini mnamo saa nane mchana, na bado kuna mwanga wa kutafutia nyumba. Ya saa tisa alasiri hufika usiku watoto wakiwa wamechoka na wewe umechoka zaidi, na ile ya saa nne usiku huwamwaga alfajiri, wakati hakuna nyumba ya zamu itakayokufungulia mlango.

Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza kwa mtu mzima. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Aliye chini ya mitatu hupakatwa bure. Sisi ni watu wazima watatu, mmoja wa miaka 13 anayehesabiwa mtu mzima, na wadogo wawili: 7,500 kwenda, 7,500 kurudi. Tiketi hukatwa kwa *639# au mtandaoni na kulipwa kwa M-Pesa. Likizo ya Desemba tiketi huisha haraka mno, kwa hiyo kata ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda. Majina yafanane na vitambulisho, na ya watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Fika kituoni saa kumi na mbili na nusu. Mizigo hupangwa sakafuni mstari mmoja, mbwa hupita akinusa, kisha kuna mashine ya kukagua, kisha foleni. Visu na pombe haviruhusiwi, jambo linalogusa mpango wako wa jikoni, nitalirudia. Chapati na mayai ya kuchemsha tumebeba kila safari. Baada ya Mtito Andei funga simu za watoto: treni inakata Tsavo, na ndovu wa pale huonekana wekundu kwa vumbi la udongo wao. Anayewaona wa kwanza kwetu hupewa mabuyu.

Miritini si ufuoni, na hapa ndipo wengi hupigwa bei. Panga gari mapema kupitia mapokezi ya mahali mnapokwenda, na bei ikubaliwe kwa ujumbe wa simu kabla hamjashuka. Mkienda kusini, mwambie dereva apite Dongo Kundu. Barabara inaanzia jirani na Miritini na kukuepusha na kivuko cha Likoni. Mkienda Kilifi au Watamu, treni hiyo ya asubuhi husimama Mariakani, na kutoka hapo kuna barabara ya Kaloleni inayotokea Mavueni, karibu na Kilifi, bila kugusa msongamano wa Mombasa wala Mtwapa. Lakini gari liwe limefika kukungoja.

Wenye gari lao: ni kilomita zipatazo 480 na saa nane au zaidi, malori njia nzima. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, pumzika Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri yeyote hulishwa bila malipo na huacha sadaka akipenda, kisha Mtito Andei, ambayo ni kama nusu ya njia. Usiendeshe usiku. Ndege za Wilson na JKIA huchukua kama saa moja, na Ukunda ina uwanja wake karibu kabisa na Diani. Kwa watu sita sisi hatujawahi kuithubutu hesabu hiyo.

Hatua ya tano: mizigo

Punguza nguo. Dera moja, leso mbili kwa kila mwanamke, kaptura, fulana kuukuu za kuogelea nazo. Fulana ndani ya maji huonekana ushamba Nairobi. Pwani, fulana hiyo ndiyo inayookoa mabega ya mtoto. Mavazi ya kuogelea nunua Toi au Gikomba wiki tatu kabla, si Ukunda kwa bei ya mtalii.

Kila mmoja awe na sandak za plastiki zinazofunga kisigino. Ndala hubaki kwenye matope.

Beba neti ikiwa hujahakikishiwa kuna neti, dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, na kipimajoto. Sisi wa Nairobi hujisahau kwamba Pwani ina malaria na miili yetu haijaizoea. Ukiwa na mtoto mdogo, mjamzito au mzee, muone daktari wiki chache kabla, akuambie kama mnahitaji dawa za kinga.

Tochi, kwa sababu umeme hupotea. Kamba ya kuanikia na vibanio. Karata, bao, vitabu viwili vya hadithi. Viungo vyako vya pilau ndani ya karatasi, chumvi kidogo, majani ya chai ya siku ya kwanza na pakiti ya maziwa. Mifuko ya plastiki acha. Imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kwenye hifadhi za bahari hata chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi tangu Juni 2020. Kila mtu na chupa yake ya kujaza.

Hatua ya sita: saa tatu za kwanza

Kabla mtu hajavua viatu, mwombe mhudumu azunguke nanyi nyumba nzima. Fungua kila bomba, washa kila jiko, vuta maji chooni, hesabu vikombe. Piga picha ya kilichopasuka. Mahali pengi maji ya bomba ni ya kisima na yana chumvi. Sabuni haitoi povu na chai yake hainyweki. Uliza mitungi ya maji ya kunywa ya lita 20 inapatikana wapi na agiza miwili papo hapo.

Uliza pia habari za kima. Diani mtawaona wa aina kadhaa. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanakula majani na hawana shida na mtu. Kima wa kawaida ni jambazi. Mmoja aliingia kwa dirisha la jikoni kwetu, akachukua mkate mzima, akaketi juu ya ukuta akiumega taratibu huku akitutazama. Madirisha yafungwe, na mtoto asile ndizi barazani.

Kisha watu wawili wabaki, wawili waende sokoni kabla ya jua kutua. Hii ndiyo safari pekee ya ununuzi mnayohitaji kubwa: mchele, unga, mafuta, vitunguu, nyanya, ndimu, nazi kama sita, na kisu, kwa kuwa chako mmekiacha nyumbani. Visu vya nyumba za zamu havikati hata siagi.

Hatua ya saba: jiko ndilo linalolipa likizo

Hapa ndipo wiki ya zamu inapoishinda hoteli. Mkila wiki nzima mgahawani, mmepoteza faida yote ya kukodi nyumba yenye jiko. Mpango wetu ni huu: asubuhi hatupiki, mchana kidogo, usiku kikweli.

Asubuhi kuna mama anayepita na beseni la mahamri na chungu cha mbaazi za nazi. Kama hapiti kwenu, mlinzi wa lango anajua anayeweza kupita. Msalimu, agiza ya kesho leo. Viazi karai na madafu ni vya saa kumi.

Samaki nunua kwa mvuvi mwenyewe. Maji yakianza kujaa, nenda pale ngalawa zinapoingia, na usiende na haraka ya Nairobi. Siku moja mzee mmoja aliniinulia tafi wanne waliotungwa kwa ukuti. "Hawa wameingia sasa hivi, mama." Nilifungua shavu la mmoja kwa kidole: wekundu mbichi, na jicho limejaa, halijazama. Nilipotaja bei ya chini mno akacheka, akaning'iniza samaki tena begani. "Basi ngojea wa barafu." Nikaongeza. Ukimwambia mtu mzima shikamoo kwanza na kumuuliza kazi ya jana usiku, bei hushuka yenyewe kuliko ukianza na "ya mwisho ngapi?" Mwombe awaparue na kuwatumbua huko huko, harufu ya matumbo ya samaki kwenye nyumba iliyofungwa kiyoyozi haitoki mpaka mtoke ninyi.

Tafi wakaange tu kwa chumvi, ndimu na pilipili. Changu ndiye wa kupaka. Azima mbuzi ya kukunia kwa wahudumu, zikune nazi mbili, mimina maji vuguvugu kikombe kimoja, kamua: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia kwa maji mengi zaidi upate tui jepesi la kupikia wali. Samaki mpake tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, mchome kwenye makaa mpaka ngozi ishike rangi. Sufuriani chemsha tui zito na nyanya iliyosagwa, ukwaju, manjano kidogo na pilipili nzima, ukikoroga bila kuacha, maana tui ukiligeuzia mgongo hukatika. Likiwa zito mmiminie samaki, mrudishe motoni dakika chache. Mume wangu, ambaye nyumbani hajui sufuria ziko kabati gani, ndiye mkuna nazi wetu rasmi.

Hatua ya nane: majini na watoto

Mwamba unaozuia mawimbi makubwa ndio unaofanya fuo zetu ziwe nzuri kwa watoto, lakini una milango. Maji yakianza kutoka, hutoka kwa nguvu kupitia milango hiyo. Muulize mvuvi au mlinzi mlango uko wapi na msiogelee upande huo maji yanapopwa. Mkitembea juu ya mwamba, geukeni kurudi mara maji yanapoanza kupanda. Hujaa nyuma yenu kabla hayajafika miguuni penu.

Kwenye vidimbwi kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, na ndiyo kazi ya sandak. Miiba ikiingia, wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Ukibaki na uvimbe nenda zahanati. Konyeza, yule kiumbe laini kama jeli, naye huwasha, hata akiwa amekufa mchangani. Konokono wa bahari mwenye umbo la koni, hata akiwa mzuri namna gani, mtoto asimshike, ana sumu. Ndani ya hifadhi hakuna kuokota chochote.

Mtu mzima mmoja awe zamu ya kutazama, simu mfukoni. Si wote kwa pamoja, kwa sababu wote wakitazama hakuna anayetazama. Jua kali kuanzia saa nne hadi saa tisa likute watoto kivulini, na mafuta ya kuzuia jua hupakwa tena kila wakitoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua; niulize mimi.

Vijana wa ufuoni watakuja na mashua za kioo, ngamia na vinyago. Wajibu kwa Kiswahili, kwa jina ukilijua. Kijana akijua mko wiki nzima na mtaagiza mashua Jumatano, huwafukuza wengine kwa niaba yenu.

Hatua ya tisa: watakapowaita kwenye mazungumzo

Siku ya pili au ya tatu, mtu mchangamfu mwenye fulana yenye nembo atawaalika kwenye "mazungumzo mafupi", na kuna zawadi: chakula cha mchana, au safari ya mashua. Mazungumzo hayo si mafupi. Sisi tulikaa karibu saa tatu, juisi ikabadilishwa mara mbili, bei ikashuka kila tuliposimama, na meneja akaletwa kutuambia kwamba ofa inaisha jioni hiyo. Mama mkwe alisinzia kitini, na hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Ukitaka kwenda, nenda na maswali. Haki hii ni ya miaka mingapi, na hati ya ardhi imebakiza miaka mingapi? Ada ya matunzo imepanda vipi miaka mitano iliyopita, na nani huamua ipande? Nikitaka kuuza, nani ananunua? Hilo la mwisho waachie nafasi wajibu, kwa sababu wiki hizi zikirudi sokoni mara nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Usitie sahihi siku hiyo, wala usitoe amana. Aliyekwisha kutia sahihi ajue kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja mikataba ya aina hii na kumpa mnunuzi siku chache za kujitoa bila kueleza sababu. Siku hizo huenda mbio mtu akiwa bado mchangani.

Hatua ya kumi: siku moja ya kutoka

Moja inatosha, mbili zinaharibu wiki. Ichague siku ambayo maji yamepwa asubuhi. Mkiwa Watamu, magofu ya Gede yako jirani, mji wa mawe ulioachwa msituni, na mwaka 2024 umeingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mkiwa Diani, msitu wa Kaya Kinondo hutembelewa kwa kuongozwa na wenyeji, mkifungwa kaniki kiunoni. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, weka siku ya mvua, au siku ya kurudi ikiwa treni yenu ni ya alasiri.

Kuondoka

Usiku wa mwisho pikeni kilichobaki chote. Mchele na mafuta yaliyosalia mpe aliyewasafishia nyumba, na bahasha yake mpe mkononi, si mezani. Asubuhi hesabuni vikombe pamoja naye, mtazame picha za siku ya kwanza, mlipe umeme, mchukue risiti yenye tarehe. Ondokeni zikiwa zimebaki saa tatu treni ing'oke kama mko kaskazini ya Mtwapa.

Mkifika Donholm, bandika tarehe mliyorudi kwenye friji pale pale ratiba ya maji ingekuwa. Mtu akipata homa ndani ya wiki kadhaa zijazo, hata kama inafanana na mafua ya Nairobi, apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mlikuwa Pwani bila kungoja aulize.